Skrubu nane za Royal Oak

Jana nimekesha naangalia picha za Royal Oak, saa ya mkononi ya kampuni ya Uswisi Audemars Piguet (AP), ile ya kwanza ya 1972 nimeiweka juu, ya 2022 chini yake, halafu nikaanza kutafuta kilichobadilika. Aisee, utatafuta mpaka macho yaume. Miaka hamsini imepita na sura ni ileile, fremu ya pembe nane, skrubu nane, mkanda wa chuma unaotokea kwenye mwili wa saa kama vimezaliwa pamoja. Kwangu mimi hii ndo kazi ngumu kuliko zote kwenye usanifu wa saa, kugusa kitu kila baada ya miaka kadhaa na kisipoteze sura.

Aliyeichora ni Gérald Genta. Mwenyewe alisimulia kwamba Georges Golay, bosi wa Audemars Piguet, alimpigia simu saa kumi jioni anataka mchoro wa saa ya chuma isiyofanana na nyingine yoyote, na anautaka kesho yake asubuhi, basi akakesha, na kilichomjia kichwani ni helmeti ya wapiga mbizi wa zamani, ile yenye kidirisha cha kioo kilichobanwa na boliti kuzunguka. Ilipotoka ilikuwa na kipenyo cha milimita 39, enzi zile hilo ni jisaa, ndo maana ikaitwa Jumbo. Bei yake faranga 3,300 za Uswisi, yaani chuma kinapita saa nyingi za dhahabu! Na hapo Seiko walishatoa saa ya kwatsi, ile ya betri iliyotishia saa za springi kama hii, tangu Desemba 1969, kwa hiyo ilikuwa ni kujitosa kwelikweli.

Sasa hizo skrubu, hebu ikuze picha. Mfereji wa kila moja umelala kufuata mzunguko wa fremu, zote nane, hakuna hata moja iliyokaa upande. Skrubu ya kawaida huwezi kuilazimisha hivyo, maana inasimama pale inapokaza. Hizi hazizunguki kabisa. Vichwa vyake ni vya dhahabu nyeupe, vya pembe sita, vimezama kwenye mashimo ya pembe sita, na kukaza kunafanyika kwa nyuma. Zinabana fremu, gasketi (ule mpira wa kuzuia maji) na mwili wa saa kwa mpigo mmoja, na ukiitazama saa ubavuni unauona ule mstari mwembamba mweusi wa mpira, Genta hakuuficha. Mimi hapo ndo huwa nachoka kabisa, kitu kinachozuia maji kimeachwa wazi kama pambo.

1976 Jacqueline Dimier akatengeneza ya wanawake, milimita 29, na naona hapewi sifa anazostahili, kwa sababu ukiipunguza tu saa hii kama unavyopunguza picha, zile pembe zinapotea, lazima uchore upya kila kitu. Za dhahabu na zenye kalenda ya kudumu, ile inayojua yenyewe mwezi una siku ngapi, nazo zilifuata.

Halafu 1993 Emmanuel Gueit akaleta Royal Oak Offshore. Milimita 42, nene, nzito, wakaiita Mnyama. Wengi hawakuipenda na nawaelewa, ila angalia alichokifanya, ule mstari mwembamba wa mpira ameunenepesha mpaka unauona kutoka mbali, na vitufe navyo akavivisha mpira. Alichukua wazo lililokuwa mle mle ndani ya saa ya 1972 akalipaza sauti. Kwangu huo ni urithi halali kabisa.

Jumbo yenyewe imeenda polepole. 2012 herufi za AP zikarudishwa chini kwenye uso wa saa, pale inapokaa namba 6, palepale zilipokuwa mwanzo. 2022 mashine ya 2121 iliyokuwamo tangu siku ya kwanza ikapisha 7121, inakaa na nguvu muda mrefu zaidi na tarehe unairekebisha chapchap bila kuzungusha mishale usiku na mchana. Kipenyo kimebaki 39. Mshale wa sekunde bado hawajauweka, na naomba wasiuweke kamwe.