Nilivyohama kutoka sembe kwenda dona polepole, tumbo likatulia

Miezi kumi sasa sijanunua dawa ya kiungulia, na kilichonichelewesha miaka yote ni ushauri mbovu tu. Kuna dada anauza vyakula vya afya aliniambia lishe ya makrobiotiki, ile aliyoieneza Mjapani George Ohsawa, lazima uingie yote siku moja. Sukari, nyama, maziwa, mkate mweupe, nyanya, viazi, bilinganya, vyote nje! Halafu akaniuzia mchele usiokobolewa, miso (soya iliyochachushwa) na mwani wa kutoka Japani, hela ilinitoka laki na ushee.

Ule mchele nikaupika kama mchele wetu, maji vikombe viwili, nikapalia mkaa juu. Nafungua, juu umeiva ndani unagonga meno. Nikaongeza maji, nikarudisha jikoni, mkaa ukaisha, tukala saa nne usiku watoto wameshasinzia. Siku ya nne tumbo limejaa gesi, kichwa kinagonga kwa kukosa chai ya sukari. Siku ya sita nikaacha. Tumbo lililozoea sembe miaka 40 ukilishindilia nyuzinyuzi kwa mpigo lazima livimbe, na hili hakuna aliyeniambia.

Baadae nikaja kuelewa kwamba hiyo lishe yenyewe inasema kula vya eneo lako na msimu wako. Sasa Japani ya nini? Inataka karibu nusu ya sahani iwe nafaka nzima, mboga ndo zifuate, kunde na maharage kidogo. Hivyo vyote sokoni kwetu vipo, hata mwani akina mama wa Paje na Jambiani kule Zanzibar wanalima.

Basi nikaanza upya na unga. Sembe kilo tatu, dona kilo moja, nachanganya usiku kwenye ndoo ileile ya siku zote. Wiki mbili hakuna aliyeuliza. Nikaenda nusu kwa nusu, mwanangu mkubwa akasema mama mbona ugali una chenga, nikamjibu nimebadilisha mashine, na kweli nilikuwa nimehamia kwa kijana anayesaga vizuri bila kukoboa. Mwezi wa tatu dona tupu, na baba watoto anaongeza tonge! Nililifurahia hilo kuliko hata kupungua kilo saba.

Mahindi chambua mwenyewe, yenye ukungu tupa usionee huruma, sumukuvu, yaani sumu ya huo ukungu, haiondoki kwa kupika. Na saga kidogo kidogo maana dona likikaa sana linakuwa chungu.

Sukari nilipunguza nusu kijiko kila wiki. Nyama ikawa Jumapili tu, ila dagaa na samaki sijaacha, ukikata vyote vya wanyama damu itakusumbua kwa kukosa vitamini B12. Nyanya naweka kama kawaida.

Halafu kutafuna, wenyewe wa makrobiotiki wanataka tonge litafunwe mara 30 mpaka 50. Ugali unateleza tu, kwa hiyo mimi nikaongeza makande mara tatu kwa wiki, mahindi yasiyokobolewa yaliyolowekwa usiku kucha, hapo utatafuna utake usitake. Choo sasa kila asubuhi bila kukamua.

Dawa za presha bado nameza kama daktari alivyoandika, na mtu akikwambia uziache sababu unakula dona usimsikilize kabisa.