Nilivyoiona kengele ndani ya ndoo ya karatasi

Kwa miezi minne nilitembea na ushauri uliokaribia kuniharibia utafiti: "Ukishafikisha sampuli 30, data zako zinakuwa normali," yaani mchoro wake unachukua umbo la kengele: wengi katikati, wachache pande zote mbili kwa usawa. Nilipewa na mtu aliyenizidi elimu, wenzangu darasani wakaurudia, nikauamini. Hadi leo nikimsikia mtu akiusema, moyo unanichemka.

Nilikuwa napima uzito wa sangara kwenye mwalo wa Igombe, nje kidogo ya Mwanza mjini, ili nikadirie wastani wa uzito wa samaki mmoja anayeshushwa pale. Nauli za daladala na chai ya vijana waliokuwa wakinishikia mzani sikuziandika, ila laki na nusu iliondoka, pengine zaidi.

Samaki 30 wa kwanza nikawachorea histogramu, mchoro wa nguzo unaoonyesha ni wangapi wana uzito gani. Imerundikana kushoto, kulia ina mkia mrefu. Nikapima hadi 100, ileile. Nikafika 240, na sasa mkia ndio ukarefuka, maana wiki ya mwisho alishushwa sangara mmoja aliyebebwa na vijana wawili. Kengele niliyoahidiwa haikuonekana.

Hapo nikafanya jambo ambalo nawaomba msilifanye: nikawafuta wakubwa kumi na mmoja. Mchoro ukatulia kidogo, nikalala usingizi mzuri. Keshoye mzee mmoja wa mitumbwi akapitia daftari langu, akauliza, "Mwanangu, na wale wakubwa umewaweka wapi? Hao ndio walionilipia mafuta ya injini." Nikawarudisha wote siku hiyohiyo.

Swali lake ndilo lililonifungua macho. Sangara wa chini ya sentimita 50 sheria hairuhusu kumvua, kwa hiyo upande wa kushoto umekatwa kama ukuta. Upande wa kulia samaki anaendelea kukua, na uzito wake hupanda karibu kwa mchemraba wa urefu: akirefuka mara mbili, anakuwa mzito karibu mara nane. Mchoro wa namna hiyo hauwezi kuwa kengele hata ukipima ziwa zima. Kinachokuwa normali ni kikadirio, yaani namba unayoikokotoa kutoka kwenye sampuli ili ukadirie kitu; kwangu mimi ni ule wastani wenyewe. Fikiria umekwenda Igombe mara elfu, kila safari umepima samaki wengi na kuondoka na wastani mmoja. Wastani hizo elfu ndizo zinazojipanga kama kengele.

Lakini nani ataenda Igombe mara elfu? Nilikata karatasi 240, kila moja nikaiandika uzito wa samaki mmoja, nikazimwaga kwenye ndoo ya lita 20. Jioni, nyumbani Nyegezi, wadogo zangu wakawa wavuvi wangu: mmoja anachota karatasi moja, anausoma uzito kwa sauti, anairudisha, ndoo inatikiswa, anachota tena. Kuirudisha ni lazima, la sivyo ukichota zote 240 utapata wastani uleule kila mara. Kwanza tulichota tano tano na kupiga wastani, mara 100. Mchoro bado umeinama, ingawa si kama ule wa samaki wenyewe. Kisha 30 kwa 30, na hapo nikaona kwa macho yangu jinsi ushauri ule ulivyo mwepesi: kengele inaanza kujitokeza, lakini bega la kulia bado limelegea. Namba 30 haina uchawi. Data zisizoinama sana zinaweza kutosheka na chache kuliko hapo, na zenye mkia mrefu zinadai nyingi. Mdogo wangu wa mwisho alisinzia mkono ukiwa ndani ya ndoo, ndipo nikahamia kwenye kompyuta, programu ya takwimu iitwayo R, ambayo ni ya bure. Kwa 240, mara elfu kumi, ikatoka kengele safi. Nilipiga kelele hadi mama akaja kuuliza kuna nini.

Mwanahisabati De Moivre aliiona kengele hii mwaka 1733 akikokotoa matokeo ya kurusha sarafu, mwenzake Laplace akaipanua mwaka 1810. Mimi niliiona kwenye ndoo, na furaha yangu sidhani ilikuwa pungufu ya yao.

Baada ya hapo hesabu ikawa nyepesi. Mchepuko sanifu wa samaki wangu, yaani kipimo cha jinsi uzito wao ulivyotawanyika kuzunguka wastani, ulikuwa karibu kilo 2. Gawanya kwa kipeuo cha pili cha 240, zidisha kwa 1.96 (namba inayokusanya asilimia 95 ya kengele), unapata robo kilo. Wastani wangu, kilo tatu na nusu hivi, nikauandika pamoja na robo kilo ya kila upande. Ukitaka robo ile iwe nusu yake, usipime samaki 480. Inabidi uwe nao 960, kwa sababu ya kile kipeuo.

Nikajaribu na vikadirio vingine. Namba ya kati, yaani uzito wa samaki wa katikati ukiwapanga kwa uzito, nayo ikaelekea kwenye kengele. Ila uzito wa samaki mkubwa kuliko wote ulikataa kabisa: nilipochota 240 kutoka kwenye 240, karibu mara 63 kati ya 100 aliyetokea ni yuleyule sangara wa vijana wawili. Kwa hiyo anayekuambia kila kikadirio huwa normali sampuli ikikua, mwulize anazungumzia kikadirio gani.

Kuna jambo moja lililobaki kunisumbua. Kengele hii inataka samaki wasiotegemeana, na sangara wa mtumbwi mmoja, waliovuliwa usiku mmoja kwa nyavu za matundu sawa, wanafanana mno. Robo kilo yangu ilikuwa nyembamba kuliko haki. Nikarudi kwenye daftari (namshukuru Mungu nilikuwa nimeandika kila samaki ametoka mtumbwi gani), nikawa nachota mitumbwi mizima badala ya samaki mmojammoja. Robo kilo ikapanuka, ikakaribia nusu. Nimeiandika hiyo nusu kwenye tasnifu, na ndiyo niliyoitetea mbele ya wasahihishaji.