R6 iliyowaka silinda tatu, Chikongola

Pikipiki yenyewe ilisikika kabla haijaonekana. Kila mwenyewe alipoachia resi, ekzosi ilipasuka kama bisi kwenye kikaango, na watoto wa jirani walishatoka nje kabla hajakata kona ya kuingia uani kwangu Chikongola, hapa Mtwara. Ilikuwa Oktoba 2018, msimu wa korosho umeanza, na kijana huyu wa Shangani alikuwa na hela na haraka.

Yamaha R6 ya mwaka 2004, cc 600, silinda nne, nozeli nne za kupuliza petroli. Alishaifunga ekzosi ya wazi na filta ya hewa ya kuosha, vyote kwa mpigo, halafu akawa anashangaa injini inachemka na resi ya katikati ina shimo, yaani nguvu inakatika hapo. Hakuna cha kushangaza hapo. Pikipiki yake haikuwa na sensa ya oksijeni. Kompyuta yake inasoma jedwali lililopangwa kiwandani, inafungua nozeli kwa muda ule ule, haijui kwamba hewa imeongezeka. Petroli huungua yote kwenye uwiano wa hewa 14.7 kwa petroli 1, kwa uzito. Ukivuta resi kwa nguvu injini inataka petroli zaidi, karibu na 13 kwa 1. Nilipofungua plagi zake, ncha zilikuwa nyeupe kama chokaa, dalili ya petroli kidogo.

"Njomba, dawa ninayo," akasema, akatoa kifurushi kilichokuja na basi kutoka Dar.

Ndani kulikuwa na kidude cha kurekebisha mafuta, ukubwa wa pakiti ya sigara, chenye jozi nne za soketi, dume na jike, waya mmoja wa ethi, waya mmoja wa sensa ya resi na kebo ya USB. Kazi yake ni ndogo ukiielewa: kinakaa katikati ya kompyuta na nozeli. Kompyuta ikisema nozeli ifunguke milisekunde 3, nawe umekiambia kiongeze asilimia 5, nozeli inafunguka 3.15. Basi. Hakiongezi presha ya pampu, na hakigusi kompyuta yenyewe.

Sikukifunga siku ile ile. Kwanza nilimwagia maji ya sabuni kwenye maungio ya ekzosi, injini ikiwa ya baridi, nikawasha: povu likachemka pale bomba la kati linapoingia kwenye ekzosi mpya. Gasketi ilikuwa imekatika. Hewa ikiingia hapo inakutana na petroli ambayo haijaungua, ndiyo ile milipuko. Gasketi mpya tu ilipunguza kelele kwa nusu. Wapo wengi wanaonunua vidude kutibu gasketi.

Asubuhi yake tuliifungua chini ya mwembe, mimi na msaidizi wangu. Waya hasi wa betri kwanza, spana namba 10. Siti. Boliti za mbele za tanki, tukaliinua mbele na kuliegemeza kwa kipande cha mti, halafu boksi la filta likatoka. Hapo midomo minne ya kuingizia hewa inabaki wazi, nami huwa naiziba kwa vitambaa vinne nilivyovihesabu kwa sauti. Skrubu moja ikitumbukia mle, kichwa cha injini kinafunguliwa. Msaidizi aliniona mshamba. Sikujali.

Soketi za nozeli zinatoka kwa kubonya klipu, si kwa kuvuta waya. Unachomoa ya nozeli ya kwanza, unachomeka dume la kidude kwenye waya wa pikipiki na jike lake kwenye nozeli, unahamia ya pili, moja moja ili usizichanganye. Soketi za zamani zilikuwa na ukungu wa kijani kwenye pini. Upepo wa chumvi wa Mtwara hauachi shaba salama, hasa pikipiki inayolala Shangani karibu na maji. Nikazipulizia dawa ya kusafishia umeme, nikaziacha zikauke.

Waya wa ethi watu hupenda kuubana kwenye boliti yoyote ya fremu. Fremu imepakwa rangi, na rangi haipitishi umeme vizuri. Niliupeleka moja kwa moja kwenye ncha hasi ya betri. Waya wa sensa ya resi nao una mtego wake: sensa ina waya tatu na rangi si za kuamini. Washa swichi, pima kwa multimita. Mmoja unakaa volti 5, mmoja sifuri, na ule unaopanda unapozungusha resi ndio wenyewe. Kwake ulianzia 0.68 ukafika 3.9. Kifurushi kilikuwa na kibanio cha plastiki cha kung'atia waya. Nilikitupa, maana kinakata nyuzi, na baada ya mvua mbili unyevu unaingia. Nikachubua ganda, nikalehemu kwa risasi, nikavalisha mpira wa kusinyaa kwa joto.

Kidude kikakaa chini ya siti ya nyuma, mbali na joto la injini, juu ya gundi. Pale chini nilipapangusa kwa spiriti kabla ya kubandika. Bila hivyo, jua la saa saba linaiachanisha.

Tukarudisha kila kitu, vitambaa vinne vikatoka, nikabonyeza stata. Ikawaka, lakini vibaya. Inatetemeka, inamisi, sailensi, yaani mizunguko ya injini kwa dakika bila kugusa resi, inashuka hadi 900 wakati kawaida yake ni kama 1,300. Na taa ya injini kwenye dashibodi haikuwaka.

Hiyo taa ndiyo iliyonipotezea saa nzima. Nilijiambia kama kompyuta hailalamiki basi nozeli ni nzima, tatizo ni plagi, au koili niliigusa. Nikazibadilisha koili, hakuna. Mwisho nikachota maji kwenye kikombe cha chai, nikadondoshea tone moja kwenye kila bomba linalotoka kwenye silinda. La kwanza, tssss. La tatu, tssss. La nne, tssss. La pili tone lilikaa pale, likateremka taratibu kama kwenye ukuta.

Silinda ya pili haikuwa inawaka kabisa, na kompyuta haikujua. Nikazima. Nikafungua tena hadi kwenye nozeli, nikachomeka soketi ya asili kwenye nozeli ya pili bila kidude, nikawasha: silinda nne. Hapo ndipo ikaniingia akilini. Kidude kikishaingia katikati, kompyuta haiongei na nozeli tena, inaongea na kidude, nacho kinaijibu kwamba mzigo upo. Ukikosea upande wa kompyuta huenda taa ikawaka. Ukikosea upande wa nozeli, kimya.

Nikapima nozeli: omu 12, nzima. Nikageuza jike la kidude nikaliangalia kwenye mwanga. Pini moja ilikuwa imerudi nyuma milimita mbili hivi kuliko mwenzake. Kidole chake cha kujifungia hakikushika tangu ilipotoka ilikotengenezwa, na nilipoichomeka niliisukuma nje. Kwa bisibisi nyembamba nilinyanyua kile kidole, nikaisukuma pini hadi ikasema tik, nikauvuta waya kujaribu. Nikazivuta na zile saba zilizobaki.

Upande wa kompyuta mpakato ulikwenda haraka. Programu inakuomba ufunge resi kabisa, halafu uifungue yote, isome mwanzo na mwisho wake. Kisha jedwali: mizunguko ikipanda kila 250, na resi kwa asilimia, 0, 2, 5, 10, 20, 40, 60, 80, 100. Lilikuja tupu. Kijana alitaka niweke 10 kila mahali. Nikamwambia petroli ya ziada inaosha oili kwenye kuta za silinda, na ekzosi itageuka jiko. Niliweka 3 kwenye resi ndogo, 5 kuanzia 20 hadi 60, 4 juu, nikagusa 0 kidogo sana ili sailensi isibadilike. Sikuwa na mashine ya kupimia nguvu, kwa hiyo kipimo kilikuwa plagi.

Tulikwenda barabara ya Mikindani, jioni magari yamepungua, resi imeshikwa kwenye robo kwa mwendo mrefu, halafu anakamata klachi na kuzima injini palepale, anaegesha chini ya mbuyu. Nikafungua plagi ya pili ikiwa bado inachoma. Kahawia ya chai ya maziwa, rangi ya petroli inayotosha. Ya nne ilikuwa na masizi kidogo, nikaishusha asilimia 1 tulipokuwa bado pale, mpakato juu ya siti.

Akaondoka kurudi mjini. Kwenye kona aliachia resi, ekzosi ikapasua mara mbili, ndogo. Hiyo ni hewa ya AIS, ule mfumo unaopuliza hewa safi kwenye ekzosi ili moshi uungue. Tulikubaliana kuuziba wiki inayofuata, akishauza mzigo wake wa korosho.