Amri ya Sabato na Dada wa Kazi

Somo: Kumbukumbu la Torati 5:12–15

Wapendwa, Tumsifu Yesu Kristo.

Amri Kumi zimeandikwa mara mbili, na mara zote mbili amri ya Sabato inamtaja mjakazi. Katika Kutoka tunaambiwa tupumzike kwa sababu Mungu alistarehe baada ya kuumba. Katika Kumbukumbu la Torati sababu imeshuka hadi jikoni: mjakazi wako apumzike kama wewe, kwa maana nawe ulikuwa mtumwa Misri.

Nimeyasoma hayo miaka mingi bila kuyaingiza nyumbani kwangu. Kila Jumapili dada wetu wa kazi huamka saa kumi alfajiri, akabandika chai na kupiga pasi nguo za watoto ili tuwahi misa ya kwanza. Tukirudi, hata viatu hatujavua, tunauliza kama chai iko mezani, kisha linafuata pilau la wageni. Siku ya Bwana ndiyo siku yake ngumu kuliko zote. Juma lililopita nilimkuta na ungo anapepeta mchele, huku akimuuliza mwanangu, "Padre kasema nini leo?" Mtoto akajibu kwamba alisinzia. Dada akacheka, akaendelea kupepeta. Mimi sikucheka.

Mtakatifu Zita, msimamizi wa watumishi wa majumbani, aliyetumikia nyumba moja huko Lucca, Italia, tangu akiwa na miaka 12 hadi kifo chake mwaka 1272, husimuliwa kwamba alikwenda misa alfajiri kabla wenye nyumba hawajaamka. Waajiri tunaipenda sana habari hiyo, nadhani kwa sababu haitugharimu kitu: muda wa sala aliutoa kwenye usingizi wake.

Mkataba Na. 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unataka mfanyakazi wa nyumbani apumzike kila wiki angalau saa 24 mfululizo. Uzito uko kwenye "mfululizo", maana anayelala palepale anapofanyia kazi hana geti la kutokea jioni, na pumziko lake hukatwa na sauti ya sebuleni inayouliza chumvi iko wapi.

Jumapili ijayo tutakula kiporo, naye ataondoka asubuhi na kurudi Jumatatu. Nilipomweleza, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa mama, vyombo ataosha nani?"