Dominika bila Misa: lini ni dhambi, lini si dhambi

Je, ni lazima kwenda Misa kila Dominika, yaani Jumapili? Ndiyo, Mkatoliki anawajibika kuhudhuria Misa kila Dominika na sikukuu za amri, yaani zile ambazo Kanisa linaamuru Misa. Ndivyo isemavyo kanuni 1247 ya Sheria za Kanisa. Kuacha kwa makusudi, bila sababu nzito, ni dhambi kubwa, na huyo aungame kwanza kabla ya kukomunika.

Ila sheria hii ina mlango mpana kuliko wengi wanavyodhani. Misa ya Jumamosi jioni inatosha, tena katika kanisa lolote Katoliki, si lazima parokiani kwako. Mgonjwa hadaiwi, wala anayemwuguza, wala mama mwenye kichanga. Anayebanwa na zamu ya kazi amwone paroko, padre msimamizi wa parokia: kanuni 1245 inampa uwezo wa kumruhusu asihudhurie. Na kigango, yaani tawi la parokia, kisichopata padre Dominika hiyo? Nendeni kwenye Ibada ya Neno (masomo na sala bila Misa) ya katekista, mwalimu wa dini. Kanuni 1248 inaihimiza sana.

Wengi hukosea hapa: sala ya jumuiya ndogondogo, yaani ya waamini majirani, haichukui nafasi ya Misa, hata ukiwa mwenyekiti. Misa ya redioni humfariji mgonjwa, lakini mzima aliyejilalia tu bado anadaiwa. Zaka nayo hailipii kutokuwepo.