Nilivyopata leseni ya kituo cha kulelea watoto baada ya saa za shule

Kanuni iliyonisaidia kuelewa nyingine zote imo katika Mkataba wa Haki za Mtoto, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1989. Ibara ya 3, katika aya yake ya tatu, inazitaka nchi zilizouridhia kuhakikisha kwamba taasisi, huduma na vituo vinavyowatunza watoto vinafuata viwango vilivyowekwa na mamlaka husika, hasa katika usalama, afya, idadi ya wafanyakazi na kufaa kwao, pamoja na usimamizi unaostahili. Fomu za leseni nilizokuwa nazo mezani zilikuwa nyingi na zimegawanywa kwa idara, zimamoto huku na afya kule, lakini kila swali lililoulizwa humo lilirudi kwenye mojawapo ya mambo hayo.

Kabla ya kujaza chochote nilitaka kujua iwapo huduma niliyoikusudia ilihitaji leseni, na kama iliihitaji, ni leseni ya aina gani. Swali hili si dogo. Sheria nyingi hutenganisha kituo cha malezi na darasa la masomo ya ziada au timu ya michezo, na kinachoamua huwa ni umri wa watoto, idadi yao, saa wanazokaa kwa siku na iwapo mzazi yupo papo hapo. Kuna mahali ambapo huduma inayoendeshwa na shule yenyewe, ndani ya majengo yake, husamehewa leseni ya pekee, ilhali mtu wa nje anayekodi ukumbi uleule hasamehewi. Niliandika barua kueleza huduma yangu kama itakavyokuwa, nikaomba jibu kwa maandishi, na barua ile ya majibu ndiyo karatasi ya kwanza katika faili langu hadi leo. Ninamshauri kila anayeanza afanye hivyo, kwa sababu maelezo ya mdomo hayana wa kuyathibitisha pale afisa aliyeyatoa anapohamishwa.

Baada ya hapo niliacha kuzifuata kanuni kwa mpangilio wa idara, nikazipanga kwa kumfuata mtoto mmoja tangu kengele ya mwisho ya shule hadi anapoondoka na mzazi wake. Kila hatua ya alasiri yake nilijiuliza yuko mikononi mwa nani, nani anajua hivyo, na imeandikwa wapi. Mpangilio huu ulinionyesha kwamba hatari kubwa katika huduma ya aina hii hukaa kwenye makabidhiano, na ndiyo maana sehemu hizo za fomu ndizo zinazodai maelezo marefu zaidi.

Kabidhiano la kwanza ni lile la shule na kituo. Mtoto aliyetoka darasani lakini hajafika kwetu si wa mwalimu tena, na mzazi wake anaamini yuko salama. Tulikubaliana na shule kwamba kila siku, kabla ya masomo kwisha, itatuletea majina ya wasiohudhuria, ili jina lisiloitikiwa mlangoni petu lisiwe na maana mbili. Mtoto ambaye hayumo katika orodha hiyo na hajafika hutafutwa mara moja: mfanyakazi mmoja hupiga simu shuleni, mwingine kwa mzazi, na hatua zinazofuata zimeandikwa na kubandikwa ukutani. Utaratibu wa mtoto asiyeonekana ni miongoni mwa nyaraka ambazo mkaguzi huzitaka mapema.

Suala lililonichukulia muda mwingi kuliko mengine ni uwiano wa walezi kwa watoto. Uwiano hutegemea umri, na viwango hutofautiana kutoka mamlaka moja hadi nyingine, lakini kanuni ni ileile: ni lazima utimie kila dakika ambayo watoto wapo, na hautimizwi kwa kuchukua wastani wa siku nzima. Mtu akitazama orodha ya wafanyakazi kwa haraka ataona wanatosha. Akitazama kwa makini ataona kwamba mmoja amempeleka mtoto msalani, mwingine anatayarisha vitafunio, na kundi zima limebaki na mtu mmoja. Nilichora ratiba ya alasiri kwa vipande vya robo saa, nikaonyesha katika kila kipande nani yuko na watoto na nani anafanya kazi nyingine, kwa kuwa anayepika hahesabiwi kuwa anasimamia. Ratiba hiyo ilinilazimu kuajiri mtu wa akiba anayeitwa kazini pale mwenzake anapougua. Vilevile tuliamua kwamba watu wazima wasipungue wawili hata anapobaki mtoto mmoja jioni, uamuzi ambao ni wa gharama lakini unamlinda mtoto na unamlinda mfanyakazi.

Kuhusu kufaa kwa wafanyakazi, niliweka sharti kwamba hakuna anayeachwa peke yake na watoto kabla rekodi zake za jinai hazijahakikiwa na waajiri wake wa zamani hawajazungumza nami. Vyeti vya huduma ya kwanza navyo huisha muda, mara nyingi baada ya miaka 2 au 3, na mamlaka huvihesabu vilivyo hai peke yake. Nina jedwali moja la tarehe za mwisho za vyeti vyote, bima ikiwemo, na ninalipitia kila mwanzo wa mwezi.

Jengo lilikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia, kwani masharti yake hupimika: milango ya dharura inayofunguka bila ufunguo kutoka ndani, vizima moto vilivyokaguliwa, ving'amuzi vya moshi, na mazoezi ya kuhama jengo yanayoandikwa tarehe na muda uliotumika.

Chakula na dawa vilihitaji umakini zaidi. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba chakula kilichopikwa kisikae katika joto la kawaida la chumba zaidi ya saa 2, na kwamba kilicho kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi kiko katika kiwango ambacho vijidudu huongezeka haraka. Tuliandika hayo katika utaratibu wetu wa jikoni na tukanunua kipimajoto. Majina ya watoto wenye mzio yamebandikwa mahali ambapo mpishi huyaona na wageni hawayaoni, maana taarifa za afya za mtoto ni siri yake. Dawa haipokelewi bila fomu ya ridhaa ya mzazi, na hupokelewa ikiwa katika kifungashio chake cha asili chenye jina la mtoto. Kila dozi inayotolewa hutiwa saini na watu wawili. Inhela ya mwenye pumu haifungiwi kabatini pamoja na dawa nyingine, bali hukaa mahali ambapo mlezi huifikia papo hapo.

Kabidhiano la mwisho ni la jioni, nalo ndilo linalowajaribu wafanyakazi kwa sababu linagusa heshima ya watu. Siku moja alikuja mjomba wa mtoto, ambaye mtoto alimkimbilia kwa furaha, lakini jina lake halikuwamo katika orodha ya wanaoruhusiwa kumchukua. Mlezi alimwambia, “Mjomba, karibu uketi, utuwie radhi kidogo, tunampigia mama yake.” Mama alithibitisha kwa simu, kitambulisho kikaangaliwa, taarifa ikaandikwa, na mtoto akaondoka. Upole ule ulikuwa umefanyiwa mazoezi. Mlezi asiye na maneno tayari mdomoni huona aibu kumzuia mtu mzima, na aibu hiyo ndiyo inayompitisha asiyestahili.

Mkaguzi alipofika bila taarifa, baada ya muda mfupi kwenye karatasi aliwageukia wafanyakazi. Alimuuliza mlezi mmoja angefanya nini akiona alama za kipigo kwa mtoto. Jibu alilotaka, na alilolipata, ni kwamba mlezi huandika alichokiona na maneno ya mtoto kama yalivyosemwa, hutoa taarifa kwa mamlaka ya ulinzi wa watoto, wala hafanyi uchunguzi wake mwenyewe. Kisha alihesabu watoto chumba kwa chumba na kulinganisha na daftari la mahudhurio la siku hiyo.

Leseni tuliyopewa ni ya mwendeshaji huyu na jengo hili, ina kikomo cha idadi ya watoto, na tukihama tutaomba upya. Wazazi wanaotaka nafasi ni wengi kuliko kikomo hicho. Nimeomba kiongezwe, nikaambatanisha ratiba mpya ya robo saa yenye mlezi wa ziada, na hadi jibu litakapokuja majina yanangoja kwa kufuata tarehe za maombi, hata yale ya watoto wa wafanyakazi wetu.