Tiki: kamata mwasho kabla ya mshtuko

Mtoto anapepesa macho wiki tatu mfululizo. Anapimwa macho, hana tatizo. Baadaye macho yanatulia, sasa anakunja pua na kujikohoza, anapewa dawa ya mafua. Ndivyo tiki, yaani miondoko au sauti za ghafla zinazojirudia bila kukusudiwa, zinavyowapoteza watu: huhama, hupanda na kushuka zenyewe. Familia humwona daktari zikiwa zimepamba moto, na zikishuka, sifa huenda kwa chochote alichomeza wiki ile.

Mara nyingi huanza kati ya miaka 4 na 6, usoni na shingoni kwanza, sauti baadaye. Hukolea kwenye miaka 10 hadi 12, kisha kwa wengi hupungua. Tiki kadhaa za mwili na angalau moja ya sauti, zilizoanza kabla ya miaka 18 na kudumu zaidi ya mwaka, ndizo huitwa ugonjwa wa Tourette. Matusi ya ghafla huwapata wachache tu.

Kabla ya tiki wengi huhisi mwasho au mkazo mahali fulani, kama chafya inayokaribia. Watoto wadogo huenda wasiutambue. Tiba ya kubadili mazoea, iliyobuniwa na wanasaikolojia Azrin na Nunn mwaka 1973, inaufanyia kazi mwasho huo. Toleo lake pana lilijaribiwa kwa watoto (2010) na kwa watu wazima (2012), vikao 8 ndani ya wiki 10, na likapunguza tiki kuliko ushauri wa kawaida.

Chagua tiki moja, ile inayosumbua zaidi. Mhusika aieleze hatua kwa hatua: misuli gani inaanza, nini kinafuata. Kisha ajizoeze kuinua kidole kila inapotokea, halafu kila mwasho unapoanza. Hapo ndipo anapewa kitendo pinzani, yaani kitu kisichoweza kufanyika pamoja na tiki na ambacho hakionekani sana. Bega linaloruka: bana viwiko ubavuni, shusha mabega. Kujikohoza: vuta pumzi polepole kwa pua, toa kwa mdomo. Macho: pepesa taratibu, kwa hiari. Shikilia dakika 1, au mpaka mwasho uishe, kwa muda ulio mrefu zaidi.

Kosa kubwa ni kuacha kitendo pinzani mwasho ukiwa kileleni, kwa hiyo mwili haujifunzi kwamba utapita wenyewe. Kosa jingine ni la wazazi: “Acha hiyo!” mezani, au kumsamehe mtoto kazi ya hesabu kila tiki zinapozidi. Yote mawili huzilisha tiki. Msifu kwa kufanya zoezi, usihesabu tiki. Na hofu kwamba tiki zikizuiwa zitarudi kwa kishindo haijathibitishwa na utafiti.

Mtu mzima huutambua mwasho upesi, ila amezoea kuficha: tiki ya mkono ameigeuza kutengeneza nywele. Fichua hilo kwanza, la sivyo utatibu kisingizio. Tiki nyingi za ukubwani ni za utotoni zilizorudi. Zikianza ghafla kwa mara ya kwanza ukubwani, au zikalipuka nyingi kwa siku chache kwa kijana, daktari atafute sababu nyingine kabla ya zoezi lolote. Na shingo inayorushwa kwa nguvu, ikifuatiwa na ganzi au udhaifu wa mikono au miguu, haisubiri kikao kijacho.